Jinsi ya kufuatilia asili ya neno la Kiingereza: mfano wa "guess"

Vifaa ni viwili, vyote bure kwenye intaneti: Etymonline, kamusi ya asili ya maneno, na Middle English Dictionary, kamusi ya Kiingereza cha zama za kati ya Chuo Kikuu cha Michigan. Oxford English Dictionary inazizidi zote, ila ni ya kulipia; ulizia kwenye maktaba ya chuo.

1. Tenganisha maana. "Guess" ina maana tatu kubwa: kubahatisha jibu, kukisia kiasi, na ile "I guess" ya mazungumzo, ambayo ni "nadhani" au "naona" tu. Ukiitafsiri hii ya tatu "nabahatisha", umeharibu sentensi. Kila maana iandikie mstari wake, kwa sababu hazikuzaliwa siku moja.

2. Tafuta tahajia ya zamani. Katika kamusi ya Michigan neno limeingizwa kama "gessen". Ile "u" haikuwepo. Ilizoeleka karne ya 16, kuonyesha kwamba "g" itamkwe kama ya "gari" na si kama "j". Kwa hiyo usijenge hoja yoyote juu ya "u".

3. Panga maana kwa tarehe. Neno linaonekana kwenye maandishi kuanzia mnamo 1300, na maana ya kukadiria ipo tangu mapema. Mwishoni mwa karne ya 14 mshairi Mwingereza Chaucer anamtaja kijana wa miaka 20 kisha anamalizia "I gesse". Waingereza waliokuja kuwacheka Wamarekani kwa "I guess" walikuwa wanacheka Kiingereza cha babu zao.

4. Pima sauti. Hapa ndipo penye kazi. Katika Kiingereza cha kale, "g" mbele ya "e" au "i" kwa kawaida ililainika ikawa "y": ndiyo maana kuna "year", "yellow" na "yield". Neno lenye "g" ngumu mahali hapo, kama "get" na "give", mara nyingi limepitia kwa Waskandinavia walioteka na kukaa mashariki na kaskazini mwa Uingereza kuanzia karne ya 9. "Guess" nayo ina "g" ngumu, basi mshuku mgeni.

Mshuku tu, usimhukumu bado. "Geese" ni neno la kienyeji kabisa na lina "g" ngumu, kwa kuwa irabu yake ilianza kama "o", ikageuka baada ya "g" kukwepa mabadiliko. Ndiyo maana unahitaji ushahidi wa pili: angalia Kiingereza cha kale kilitumia nini. Utakuta "wenan" kwa kudhani, na "rædan" kwa kufumbua fumbo. Hilo la pili ndilo "read" ya leo. Wajerumani bado wanabahatisha kwa "raten".

5. Tafuta ndugu. Kiswidi kina "gissa", Kiholanzi "gissen". Katika lugha ya kale ya Skandinavia "geta" ilikuwa kupata na pia kukisia. Kosa la kawaida ni kuandika kwamba "guess" imetokana na "get". Hapana, hayo ni ndugu wa ukoo mmoja, si mzazi na mtoto.

6. Ondoa wanaofanana kwa sura. Kwenye vitabu vya zamani utakutana na "another-guess", yaani "wa namna nyingine". Halihusiani na kukisia hata kidogo. Ni "another-gates" lililochakaa mdomoni. "Guesstimate" ni la ukoo kweli, lakini ni changa: Wamarekani waliunganisha "guess" na "estimate" katika karne ya 20.

7. Andika matokeo kwa kiwango cha ushahidi. Kwa "guess", andika: "kutoka Skandinavia au Kijerumani cha Chini" (yaani cha kaskazini mwa Ujerumani). Lugha hizo mbili zilikaribiana mno kwa neno hili, na sauti peke yake haitoshi kuchagua mojawapo. Anayekuandikia chanzo kimoja bila "au", mwulize amekipataje.