Kula mgahawani bila gluteni: fuata njia ya chakula, si jina lake

Somo hili ni la mwenye ugonjwa wa seliaki, na la yeyote anayekwenda kula naye nje. Mwenye seliaki akila gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, kinga ya mwili wake hushambulia utumbo mdogo, na vijinyweleo vinavyofyonza virutubisho husinyaa. Hilo hutokea hata siku ambayo tumbo halikuuma. Kwa hiyo "nilionja kidogo na sikuhisi kitu" si kipimo cha usalama.

Tuanze na kiasi, maana hapo ndipo wahudumu wengi hudhani mteja anajidekeza. Kipande kimoja cha mkate wa ngano kina gluteni ya gramu 2 hivi au zaidi, yaani miligramu 2,000. Utafiti umeonyesha kwamba miligramu 50 kila siku, zikiliwa kwa miezi mitatu, zinatosha kuumiza utumbo, na wataalamu wengi hushauri mtu asivuke miligramu 10 kwa siku. Gawa kipande hicho mara mia mbili: sehemu moja tu ndiyo hizo miligramu 10. Chenga zinazobaki kwenye ubao baada ya kukata mkate zinaweza kuzidi hapo.

Bidhaa ya dukani ikiandikwa "bila gluteni", kanuni za Codex Alimentarius (viwango vya kimataifa vya chakula), Umoja wa Ulaya na Marekani zinataka isizidi miligramu 20 kwa kilo. Lakini sahani yako mgahawani haijapimwa na mtu. Unachoweza kukagua ni utaratibu wa jikoni, na ndio maana swali la "hiki kina gluteni?" halitoshi. Uliza kimepikwaje, kwenye chombo gani, na chombo hicho kilipikia nini kabla.

Hatua ya 1: Piga simu kabla ya kwenda

Piga saa ambayo jikoni pametulia, kati ya chakula cha mchana na cha jioni. Omba kuongea na meneja au mpishi, kisha uliza mambo haya: Mna chombo cha kukaangia ambacho hakiingii kitu chenye unga? Mnatumia kitu gani kuifanya michuzi iwe mizito? Mnakanda unga wa ngano jikoni humohumo? Unga mkavu hupeperuka na kutua juu ya sufuria zilizo wazi, kwa hiyo penye kukandwa unga kutwa nzima ni pagumu, hata mpishi awe mwangalifu vipi.

Sikiliza jinsi wanavyojibu. Mpishi anayesema "subiri niangalie kopo la viungo" ni wa kuaminika kuliko anayesema "usijali, hakuna shida" kabla hujamaliza swali.

Hatua ya 2: Jitambulishe kabla ya kuagiza

Mwambie mhudumu ugonjwa wako kwa jina lake. Ukisema "naepuka ngano", atadhani unapunguza uzito. Kisha mpe kadi aipeleke jikoni, maana maneno hupungua njiani kutoka mezani hadi kwa mpishi. Kadi iandikwe hivi:

"Kwa mpishi: Nina ugonjwa wa seliaki. Siwezi kula ngano, shayiri wala rai, hata chembe, wala kilichotengenezwa nazo: unga, mkate, tambi, chenga za mkate, kimea, soya sosi ya kawaida. Naweza kula wali, viazi, mahindi, nyama, samaki, mayai, maziwa, mboga na matunda, kama havikutiwa unga. Tafadhali nawa mikono kwa sabuni, tumia sufuria, mwiko na ubao safi, maji mapya, na usitumie mafuta yaliyokaanga vitu vyenye unga. Kama huna uhakika, niambie tu."

Sentensi ya mwisho usiiache. Inampa mpishi ruhusa ya kusema hapana, na "hapana" ya mapema ni msaada mkubwa kwako.

Hatua ya 3: Chagua chakula chenye viungo vichache

Samaki wa kuchoma kwa chumvi na limau, viazi vya kuchemsha, mboga za mvuke, wali mweupe. Kadiri chakula kinavyokuwa na mchuzi, ndivyo maswali yanavyoongezeka.

Hivi ndivyo hudanganya: supu na michuzi mizito (hutiwa unga wa ngano), soya sosi (nyingi hutengenezwa kwa soya na ngano), vidonge vya supu, soseji na nyama ya kusaga iliyoungwa kwa chenga za mkate, vijiti vya "kaa" ambavyo kwa kweli ni samaki aliyesagwa na kutiwa wanga, chipsi za pakiti zilizopakwa unga ili zikauke vizuri, na siki ya kimea. Kimanda nacho, kwa sababu baadhi ya migahawa huongeza rojo la unga ili kiumuke. Kuskusi, bulguri, semolina na spelti zote ni ngano kwa majina mengine.

Hatua ya 4: Fuata njia ya sahani

Hapa ndipo ajali nyingi hutokea, na chakula chenyewe kikiwa hakina kosa.

Mafuta. Viazi ni salama. Lakini vikizamishwa kwenye mafuta yaliyokaanga kuku wa kutiwa unga, vinatoka na gluteni. Tazama mafuta hayo kwa karibu: utaona vijipande vya kahawia vikielea pembeni na tope jeusi chini. Hizo ni chenga za unga, na kila kapu jipya la viazi linazibeba. Moto hausaidii. Gluteni ni protini, si kijidudu cha kuuawa kwa joto, na kuchuja mafuta hakuiondoi yote.

Maji. Tambi zisizo na gluteni zikichemshwa kwenye maji ya tambi za ngano, au zikimwagwa kwenye chujio lilelile, hazifai tena. Matundu ya chujio hushika utelezi wa tambi ambao haraka ya jikoni haiuoni.

Jiko la kuchomea. Kama mikate hupashwa juu ya vyuma hivyo, omba nyama yako ichomwe kwenye kikaango safi au juu ya foili.

Mikono na vifaa. Koleo moja linalogeuza mkate kisha nyama. Kisu kilichopaka siagi mkate kikarudi kwenye siagi. Glavu si dawa kama hazikubadilishwa. Jeli ya kusafishia mikono nayo haiondoi gluteni. Kinachoiondoa ni sabuni na maji.

Usiulize yote kwa pamoja, utamchosha mhudumu. Uliza yanayohusu chakula ulichochagua. Cha kukaangwa, uliza mafuta. Cha kuchoma, uliza viungo na vyuma.

Hatua ya 5: Sahani ikifika

Uliza tena: "Hii ndiyo ile isiyo na gluteni?" Sahani huchanganywa, hasa saa ya wateja wengi. Tazama juu na kando kabla ya kugusa.

Ukikuta vipande vya mkate juu ya saladi, usikubali viondolewe tu, maana chenga zimeshabaki kwenye majani. Omba saladi mpya, na ile yenye kosa ibaki mezani mpaka mpya ifike. Ikirudi jikoni, inaweza kuokotwa mkate na kuletwa tena. Sema kwa upole, lakini usirudi nyuma.

Bufee ni hatari kuliko menyu, kwa sababu wageni huhamisha vijiko. Ikibidi, omba uletewe kutoka jikoni kabla chakula hakijawekwa nje. Aiskrimu omba kopo jipya na kijiko kilichooshwa.

Maswali ya wasomaji

Mgahawa wetu una mkate usio na gluteni, lakini tosta ni moja. Nile?

Usile ukiwa umepashwa humo. Chenga za mkate wa kawaida hukaa kwenye nyaya na kushika mkate wako. Omba upashwe kwenye kikaango safi, au ule bila kupashwa.

Vipi sahani na uma? Nibebe vyangu?

Hapana haja. Chuma na kauri vikioshwa vizuri kwa maji na sabuni ni salama. Wasiwasi wetu uko kwenye chujio, ubao wa mbao wenye mikwaruzo na mwiko wa mbao, ambavyo ni vigumu kusafisha hadi ndani.

Nimeona vidonge vya kumeng'enya gluteni. Nikimeza kabla ya kula, nipo salama?

Haupo salama. Havijathibitishwa kumlinda mwenye seliaki, na ubaya wake ni kumfanya mtu alegeze maswali.

Mkate wa chachu ya asili, ule uliochachuka siku nzima, je?

Ukitengenezwa kwa ngano, bado una gluteni nyingi mno kwako. Uchachu huvunja sehemu tu.

Na bia? Na pombe kali?

Bia ya kawaida hutengenezwa kwa shayiri, kwa hiyo iache. Pombe kali iliyokenekwa huhesabiwa kuwa haina gluteni hata ikitokana na nafaka, kwa sababu protini haipandi na mvuke. Angalia tu kilichoongezwa baadaye, kama ladha. Mvinyo wa kawaida hauna shida.

Oti ziko kwenye orodha ya kifungua kinywa. Mbona hamkuzitaja?

Oti zenyewe si ngano, lakini hulimwa, husafirishwa na kusagwa karibu na ngano na shayiri. Zinazofaa ni zile zenye alama ya bila gluteni kwenye pakiti, na hata hizo wachache haziwakubali. Mgahawani omba kuonyeshwa pakiti, ikikosekana, ziache.

Mwanangu ana mzio wa ngano, si seliaki. Somo hili linamtosha?

Mama, hatua za jikoni ni zilezile kwa upande wa ngano, ila hatari yake ni tofauti. Mzio unaweza kuja ndani ya dakika chache: midomo kuvimba, vipele, kupumua kwa shida. Mwambie mhudumu "mzio", beba sindano ya adrenalini kama daktari amemwandikia, na dalili za pumzi zikianza mchome na uite msaada wa dharura papo hapo.

Kile kifaa cha mfukoni cha kupima gluteni kinafaa?

Kinapima kile kipande ulichokitia ndani tu. Chembe ikiwa upande wa pili wa sahani, hakitaiona. Pia vyakula vilivyochachuliwa, kama soya sosi, huweza kukipotosha. Ukiwa nacho, kitumie baada ya maswali, na kikionyesha gluteni, usile.