Punda wa kazi mkoani Tanga: kukagua, kununua na kuuza

Ukitaka punda wa mkokoteni au wa kubeba shogi (mifuko ya mizigo ya mgongoni), waone kwanza wafugaji wa Handeni na Kilindi, dalali awe wa mwisho. Kwa mfugaji utamwona punda akifanya kazi. Mnadani utamwona amesimama, na punda aliyesimama huficha maumivu mengi.

Anza na kinywa. Meno ya mbele ya katikati hubadilika akiwa na miaka 2 na nusu hivi, yanayofuata miaka 3 na nusu, ya pembeni miaka 4 na nusu. Mwenye meno yote makubwa yaliyokutana sawasawa ana miaka 5 au zaidi. Kuanzia hapo watu husoma vishimo vyeusi juu ya meno ya chini, lakini kwa punda vishimo hivyo hukawia kufutika, kwa hiyo muuzaji anayeapa kwamba mnyama ana miaka 9 kamili anakisia tu. Meno yaliyochongoka kwenda mbele ni ya mzee. Hata hivyo, mzima wa miaka 12 aliyezoea kuvuta tunamwona bora kuliko wa miaka 3 asiyejua hatamu. Punda akitunzwa hupita miaka 25.

Mgongoni, bonyeza kwa vidole kuanzia mabegani hadi kiunoni. Nywele nyeupe ni makovu ya tandiko bovu, nazo peke yake si tatizo. Akiinamisha mgongo au akirusha teke ukimbonyeza, kidonda kipo ndani. Uvimbe wa mabegani unaotoa usaha, achana naye hata kwa nusu ya bei.

Kisha inua miguu yote minne. Asiyekubali kuinuliwa mguu atakusumbua kila wiki 6 hadi 8, maana ndio muda wa kupunguza kwato. Mtembeze kwenye ardhi ngumu, mgeuze kushoto na kulia, halafu mkimbize polepole. Mguu wa mbele ukiwa mbovu, kichwa huinuka kila mguu huo unapokanyaga chini. Kwato zilizopinda hurekebishwa kidogo kidogo kwa miezi; ukizikata zote siku moja utamlemaza.

Pima joto asubuhi, kabla ya jua kali: mzima aliyepumzika huwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.8.

Kama unampeleka Pangani au jirani na Saadani, uliza amekulia wapi, kwani huko kuna mbung'o, wanaoeneza ugonjwa wa ndorobo. Kukonda, ufizi mweupe, uvimbe chini ya tumbo na homa inayokuja na kuondoka ni sababu ya kupima damu kabla ya kulipa. Usimchome mwenyewe dawa ya ndorobo kwa kipimo cha ng'ombe. Punda ana nafasi ndogo sana kati ya dozi inayotibu na inayoua.

Lipia mbele ya mtendaji wa kijiji, upewe barua yenye rangi, jinsia na alama za mnyama, kisha chukua kibali cha kusafirisha kwa afisa mifugo. Wizi wa kutafuta ngozi upo, ingawa Umoja wa Afrika ulipitisha zuio la biashara ya ngozi za punda Februari 2024. Nawe muuzaji, mnunuzi anayetaka wengi kwa mkupuo bila kutazama kwato wala meno, mkatalie. Kwato zipunguze wiki mbili kabla ya mauzo, na kidonda usikipake oili chafu ili kukificha: kinazidi kuoza, na mnunuzi ananusa.

Punda akitenganishwa na mwenzake aliyemzoea anaweza kugoma kula. Hapo mwili huyeyusha mafuta yake, yanajaa kwenye damu na kuharibu ini. Wanene na majike wenye mimba ndio hufa haraka. Ukiweza, nunua wote wawili. Ukishindwa, omba magunia ya majani makavu aliyozoea, uyachanganye na ya kwako kwa siku 7 hadi 10. Akipitisha siku nzima bila kula, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.