Ukigonga muundi, sugua papo hapo

Kwa tunaopanda taksi za Kampala na kujigonga muundi kwenye vyuma vya viti: weka kiganja chote palipogongwa usugue kwa nguvu ya wastani, tena papo hapo, kabla maumivu ya pili hayajafika. Ndiyo, maumivu huja kwa awamu mbili. Kwanza mchomo mkali, halafu, kama sekunde moja baadaye, maumivu mazito yanayosambaa. Hayo ya pili hubebwa na nyuzi nyembamba za neva zisizo na ala ya mayelini, yaani utando wa mafuta unaofunika neva. Umeme wake hutambaa, ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za sodiamu zikiingia kipande kimoja baada ya kingine, kwa mwendo wa karibu mita 1 kwa sekunde. Nyuzi za mguso ni nene na zimevikwa mayelini, hivyo ishara huruka kutoka pengo hadi pengo la mayelini hiyo na kupita mita 30 kwa sekunde. Ishara hizo za mguso zikifika kwenye uti wa mgongo huamsha seli zinazofifisha ishara za maumivu. Watafiti wa maumivu Melzack na Wall walieleza wazo hilo mwaka 1965. Kidole kimoja hakitoshi, kiganja kizima huamsha nyuzi nyingi zaidi.

Ukiacha kusugua mapema, maumivu hurudi. Usisugue kabisa jeraha wazi, palipoungua, au mfupa unaoushuku umevunjika. Na mwenye kisukari ambaye miguu yake imeingia ganzi asitegemee njia hii: kwake kutosikia maumivu si dalili ya usalama, aukague mguu kwa macho.