Maji ya Kunywa ya Nyumbani Dodoma: Namna ya Kupunguza Maji ya Chupa

Familia nyingi za Dodoma hazinunui maji ya chupa kwa anasa. Zinayanunua kwa sababu mbili ambazo watu huzichanganya: maji ya visima vingi vya kwetu yana chumvi, na wengi wetu tunahofia vijidudu. Kila sababu ina dawa yake, na asiyezitenganisha huishia kuchemsha maji ya chumvi, kuyaonja na kuona hayanyweki, kisha kurudi dukani kununua katoni nyingine.

Kwa hiyo anza kwa kuyachunguza maji yako. Tazama ndani ya birika au sufuria unayochemshia kila siku. Ukikuta ukoko mweupe mgumu uliogandia chini, ujue kwamba unatumia maji magumu yenye madini mengi, na ukoko huo ni sehemu ya madini iliyoganda kwa kuchemshwa; lakini kuchemsha zaidi hakutaiondoa chumvi iliyoyeyuka, kwa maana kinachopaa ni mvuke na chumvi inabaki palepale. Hali hii hutofautiana kati ya kisima na kisima, hata ndani ya kata moja, hivyo usiyahukumu maji yako kwa maneno ya jirani. Ndugu zetu wa baadhi ya maeneo ya Singida wana jambo jingine la kuangalia, nalo ni floraidi, aina ya madini ambayo haina ladha wala harufu, haiondolewi kwa kuchemsha, na ikizidi huharibu meno ya watoto na, kwa muda mrefu, mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na njia ya uhakika ya kujua kiasi kilichomo ni kupeleka sampuli ipimwe maabara.

Vijidudu ni kazi nyepesi zaidi. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa, kisha yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu kwa dakika moja kamili, muda unaotosha kwa mwinuko wetu wa takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hakuna haja ya kuunguza mkaa au gesi kwa robo saa. Asiye na nishati ya kutosha atumie vidonge vya klorini vinavyouzwa madukani, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na asubiri nusu saa kabla ya kunywa.

Chumvi sasa. Kuna mashine za kuchujia zinazoiondoa, lakini ni ghali na hutupa maji mengi, jambo linaloniuma katika mkoa mkavu kama huu. Dawa ninayoiamini ni mvua, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba Dodoma hakuna mvua ya kuvuna. Tunapata wastani wa milimita 550 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji; basi paa dogo la mita za mraba 40, hata tukitoa sehemu ya tano kwa yanayomwagika na kukauka, linaweza kukusanya zaidi ya lita 17,000 kwa msimu wa kawaida.

Kosa linalofanyika ni kuyafulia na kuyaogea maji hayo, tangi likakauka kabla ya Juni. Fanya hesabu ya kunywa peke yake. Watu watano, kila mmoja kwa lita mbili, wanahitaji lita 10 kwa siku. Kuanzia Mei mpaka katikati ya Desemba hiyo ni kama lita 2,300. Tangi la lita 3,000, likitengwa kwa kunywa na chai tu, linawavusha kiangazi chote, na maji ya bomba au ya kisima yakafanya kazi nyingine zote.

Mvua mbili tatu za kwanza usizikinge, kwa sababu zinaosha vumbi la miezi saba na kinyesi cha ndege. Funika mdomo wa tangi kwa wavu mwembamba ili mbu wasiingie, chagua tangi lisilopitisha mwanga ili ukungu wa kijani usiote, na koki iwe juu kidogo ya sakafu ya tangi ili mashapo yabaki chini. Hata hivyo, maji haya nayo uyachemshe au uyatie klorini.

Limebaki suala la ubaridi, maana wapo wanaonunua chupa kwa ajili ya friji ya dukani tu. Nunua mtungi wa udongo usiopakwa rangi. Maji hupenya taratibu kwenye udongo, upepo wetu mkavu huyakausha juu ya ngozi ya mtungi, na kukauka huko ndiko kunakoondoa joto. Ukiupapasa mchana wa Septemba utauona unatoka jasho, na mkono wako utabaki na ubaridi. Mtungi mpya ujaze maji siku mbili, uyamwage, ndipo uanze kuutumia. Uweke kivulini panapopita upepo, juu ya kigoda au mchanga, uuoshe kila wiki kwa brashi bila sabuni kwa kuwa udongo huinyonya, na teka kwa kata yenye mpini mrefu ili vidole visiguse maji. Usiutilie maji ya chumvi: madini huziba vitundu, mtungi ukaota unga mweupe na kuacha kupoza.

Nje ya nyumba mambo ni machache. Beba chupa ya chuma ya lita moja. Ukisafiri kwa basi, ivishe kitambaa kibichi. Kwenye vikao vya ofisini, ambako chupa ndogo nyingi huachwa zikiwa nusu, pendekeza jagi na glasi, au dumu la lita 18.9 linalorudishwa kujazwa. Kamati za harusi nazo ziambiwe mapema, kabla bajeti ya vinywaji haijapitishwa.

Ifikapo mwanzo wa Septemba, tumbukiza ufito safi ndani ya tangi uone maji yamefika wapi. Familia ya watu watano inapaswa kuwa bado na zaidi ya lita 1,000. Yakiwa pungufu, chai ihamie kwenye maji ya bomba na ya mvua yabaki ya kunywa.