Jetski na instrakta kutoka Villefranche mpaka upande wa Monaco: mambo ya kujua kabla hujatoa hela

Kile kipande cha pwani ya Ufaransa kutoka Nice kwenda Monaco watu wengi wanakipita kwa basi au gari ya kukodi, wanapiga picha mbili tatu, basi. Tatizo ni kwamba majumba ya kule yameipa barabara mgongo, ukipita na gari unaona ukuta, geti, miti na foleni, kila kitu kizuri kinatazama baharini. Ndo maana nasema kama una ndugu anakualika huko au unaishi Ulaya na una wikiendi ya kiangazi, hela ya kula hotelini punguza, panda jetski, ile pikipiki ya majini, kwa muda wa saa moja na mtu anayejua njia. Na huhitaji kuwa fundi wa bahari, kuna vitu vichache tu inabidi viwe kichwani kabla hujashika handeli.

Kwanza habari ya leseni, hii inawachanganya watu. Ufaransa ukitaka kuchukua jetski uondoke nayo mwenyewe lazima uwe na leseni ya boti, hakuna mjadala. Ila kama mnatoka kundi na instrakta mwenye cheti, yeye kwenye mashine yake anaongoza na nyie mnamfuata, leseni haitakiwi, sharti ni uwe umefikisha miaka 16. Wadogo wanaweza kupakiwa nyuma, hapo kila kampuni ina masharti yake ya umri na urefu kwahiyo uliza kabla hujamuahidi mtoto. Akitokea mtu pembeni ya fukwe anakwambia ah we chukua tu nusu saa, leseni ya nini, achana nae, ukigonga yoti ya mtu huko bima haitakujua, na zile yoti bei zake unazifahamu.

Alafu usidhani pwani yote ya Mediterania inaruhusu. Mfano zile Calanques za Marseille, yale magenge meupe yenye maji ya bluu unayoyaona kwenye picha, pale ni hifadhi ya taifa tangu 2012 na jetski ndani ya hifadhi ni marufuku. Ukivuka ukaenda Hispania, Italia au Ugiriki sheria zinabadilika tena, kwahiyo nayosema hapa ni ya Ufaransa, usiibebe nzima nzima.

Kwa nini nachagua Villefranche-sur-Mer kuanzia na sio Nice yenyewe? Sababu ya treni na sababu ya maji. Treni ya kawaida ya mkoa kutoka Nice ni dakika chache tu, unashuka stesheni ambayo fukwe iko chini yake pale pale, huna haja ya kuhangaika na parking ambayo kiangazi ni vita. Na ghuba yenyewe imekingwa na rasi ya Cap Ferrat upande wa mashariki, kwahiyo zile dakika zako za mwanzo unazojifunza unakuwa kwenye maji yaliyotulia kuliko kutokea Nice ambako uko wazi moja kwa moja. Ubaya wake mmoja, ghuba ina kina kirefu sana mpaka meli kubwa za watalii zinatia nanga ndani, na siku meli ikiwepo viboti vyake vinapiga ruti kwenda na kurudi nchi kavu kama daladala, mawimbi hayaishi. Kwahiyo ukibuku uliza kama siku hiyo kuna meli.

Sasa muda. Sisi tuliokulia pwani tumezoea kuuliza maji yanakupwa saa ngapi yanajaa saa ngapi, kule sahau, maji kupanda na kushuka ni sentimita kadhaa tu, bamvua kama la Dar au Mombasa ambapo bahari inarudi nyuma mpaka unaokota chaza hakunaga. Kinachoamua siku yako kule ni upepo. Kiangazi asubuhi bahari inakuwa imelala kabisa, nchi kavu ikishapata moto mchana upepo unaanza kuvuta kutoka baharini, na boti zote za watu waliochelewa kuamka nazo zinatoka, ikifika saa tisa alasiri maji yamevurugika kila upande, mashine inadunda, mgongo unalia, na huoni kitu zaidi ya povu. Chukua safari ya kwanza ya asubuhi hata kama ni ya saa tatu na ulikuwa umepanga kulala. Mwezi wa sita na wa tisa ni bora kuliko wa saba na wa nane, joto lipo na msongamano haupo. Mwezi wa tano jua linadanganya, maji bado baridi kwa mtu wa Bahari ya Hindi, utatetemeka.

Bei mara nyingi ni kwa mashine sio kwa kichwa, kwahiyo wawili mnapanda moja mnagawana, saa zima mara nyingi inavuka euro 100. Usichukue nusu saa. Nusu saa ukitoa dakika za kutoka pole pole na za kurudi pole pole, unabaki na kitu cha kuzunguka ghuba tu, Monaco utaisikia. Kabla hujalipa uliza haya: mafuta na bima vimo? depoziti kiasi gani? instrakta mmoja anaongoza mashine ngapi? na je tutabadilishana udereva njiani? Hilo la mwisho muhimu kama mko wawili, kuna kampuni hawataki mbadilishane katikati ya maji.

Cha kuvaa. Jaketi la kujiokolea watakupa na ni lazima, hakikisha linabana, instrakta akilivuta mabegani lisipande mpaka masikioni. Weti suti, ile nguo ya mpira inayobana mwili, wakikupa chukua hata kama kuna joto, na sio ya baridi tu. Jetski inasukuma maji kwa presha kubwa kutoka nyuma, mtu akidondoka nyuma karibu na lile bomba maji yanaweza kumuingia mwilini sehemu za chini yakamuumiza vibaya, ndo maana watengenezaji wenyewe wanabandika onyo kwenye mashine kwamba bukta ya kuogelea haitoshi. Kwa dada zetu wanaojistiri weti suti ndefu inamaliza kazi, inafika kifundoni na juu jaketi, kichwani funga kitu kinachobana kisicho na mikia ya kupepea. Miwani ya jua iwe na kamba. Maji ya Mediterania yana chumvi kuzidi ya kwetu, yakikurukia machoni ukiwa spidi unabaki unafumba fumba. Simu acha kwenye loka, ukibisha iweke kwenye kile kifuko cha plastiki shingoni ndani ya jaketi, na usiitoe mnapoenda.

Haya, somo lenyewe, hapa soma taratibu maana instrakta ataongea dakika tano kwa Kiingereza cha haraka haraka au Kifaransa na nusu ya watu wanaitikia ok ok hawajaelewa.

Kwenye mkono wako au kwenye jaketi atakufunga kamba ya msokoto, mwisho wake una klipu inayochomekwa karibu na kitufe cha kuwashia. Ukidondoka klipu inachomoka, injini inazima, mashine inakusubiri. Isipofungwa kwako mashine inaweza ikaendelea na safari bila wewe. Kwahiyo kabla hujawasha iangalie mwenyewe kwa macho, usimwachie yeye.

La pili ndo kubwa kuliko yote: kwenye jetski mafuta ndo usukani. Haina shikio, lile bapa la kugeuzia chombo, nyuma kama boti, chini kuna pampu inanyonya maji na kuyatema nyuma kupitia bomba, ukikata handeli unageuza lile bomba. Sasa ukiachia mafuta maji hayatoki, na kama maji hayatoki hata ukate handeli mpaka mwisho mashine inaenda nyooo mbele vile vile ilivyokuwa inaenda. Angalia mgeni akiona boya la njano linakuja usoni: vidole vinaachia, mwili unarudi nyuma, handeli anaikata kushoto kwa nguvu zote, na pua ya mashine haijali, boya linazidi kuwa kubwa. Dawa ni kupunguza mafuta mapema ukiwa bado mbali, na kama imebidi ukwepe, kata handeli huku kidole kimeshikilia mafuta kidogo. Omba instrakta akuache ufanye hivyo mara kadhaa mahali peupe kabla ya kuondoka, wazuri wanakubali bila kununa. Mashine nyingi za sasa zina breki, kampuni ya Sea-Doo walianza nayo 2009, iko mkono wa kushoto, lakini hata hiyo inahitaji umbali, hapo ni maji sio lami.

Mkianza, mnatoka pole pole. Ndani ya mita 300 kutoka ufukweni mwendo ni kama kilomita 9 kwa saa, mstari wake unaonyeshwa na maboya ya njano, na mnapita kwenye njia maalum iliyowekewa maboya pande zote mbili sababu pembeni watu wanaogelea. Ni mwendo wa kuchosha, vumilia, hapo polisi wa majini hawana utani. Boya lenye bendera nyekundu na mstari mweupe wa mshazari maana yake chini kuna mzamiaji, kaa mbali mita 100. Ukishavuka maboya instrakta atanyoosha mkono na hapo ndo unapiga mafuta, ila taratibu, anayepakiwa nyuma ashike jaketi la dereva au mishikio na asikilize kona, dereva akilalia kulia na yeye alalie kulia.

Mfuate instrakta kwa nyuma kidogo pembeni, sio ndani ya povu lake, na uache nafasi kubwa kiasi kwamba hata akisimama ghafla wewe una muda wa kufikiria. Mawimbi ya boti usiyapige usoni wala ubavuni, yaingie kwa mshazari, punguza mafuta, nyanyuka kidogo kwenye kiti magoti yakiwa laini. Anayekaa kitako kama yuko sofani ndo anayerudi analalamika kiuno.

Njiani utaona hivi. Kabla hamjatoka ghubani kuna ile ngome ya mawe ya Villefranche ya karne ya 16, alafu mnazunguka ncha ya Cap Ferrat pale kwenye mnara wa taa, hapa jiandae maana ukitoka kwenye kivuli cha rasi mawimbi yanabadilika ghafla. Juu ya mgongo wa rasi kuna jumba la rangi ya waridi, Villa Ephrussi de Rothschild. Mkiingia upande wa Beaulieu kuna nyumba imejengwa kwa mtindo wa Wagiriki wa kale juu ya jiwe kabisa, Villa Kérylos, ilianza kujengwa 1902 ikaisha 1908. Kisha genge la Èze, kijiji kiko juu mita 400 na ushee, mwambie instrakta asimame hapo mzime injini. Ukiwa umezima ndo unaelewa ukubwa wa ule mlima, kwa sababu kijiji kinaonekana kama mawe mengine tu mpaka jua lipige kwenye dirisha la mtu. Safari nyingi zinageuza usawa wa Monaco, unaliona lile jengo la makumbusho ya bahari limeota kwenye mwamba tangu 1910, hamuingii bandarini.

Mkibahatika kuona pomboo, eneo lote hili liko ndani ya Pelagos, hifadhi ya wanyama wa baharini ambayo Ufaransa, Italia na Monaco waliisaini 1999. Usiwafukuze. Punguza, tulia, wakitaka watakuja wenyewe.

Ukidondoka, na usione aibu, kila mtu anadondoka, subiri injini iwe imezima, ogelea mpaka nyuma ya mashine, panda kwa katikati ukitumia kile kingazi. Usipande kwa ubavu utaipindua. Ikiwa imepinduka angalia nyuma kuna stika yenye mshale, igeuze kwa upande huo huo wa mshale, ukienda kinyume maji yanaweza kuingia kwenye injini. Aliyeko juu asiwashe mpaka mwenzake awe amekaa na ameshika. Ukiona vikonyeza (jellyfish) vidogo vya rangi ya zambarau majini, vile vinawasha kweli kweli, usikae humo kupiga soga.

Ukirudi kabidhi mashine instrakta akiwa amesimama hapo hapo, na picha ulizoipiga kabla ya kuondoka, pande zote nne na chini ya pua kwenye mikwaruzo, ziwe tayari kwenye simu yako ya lokani. Depoziti mara nyingi wanaishikilia kwenye kadi, hawakurudishii keshi, na benki inaweza kuchukua siku kadhaa kuiachia, kwahiyo hela ya kula jioni na ya treni iwe kwenye kadi nyingine.