Jinsi ya Kuandika Memoranda ya Mswada wa Fedha Kenya

Deni la taifa na mabadiliko ya tabianchi yatawalemea zaidi walio na umri wa miaka 20 leo, na nchini Kenya mambo hayo mawili hukutana kila mwaka ndani ya Mswada wa Fedha, mswada unaopendekeza mabadiliko ya kodi. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge lishirikishe umma, kwa hiyo kutoa maoni ni haki yako, wala huombi hisani. Tatizo ni kwamba memoranda nyingi, yaani maoni ya maandishi yanayopelekwa Bungeni, hulalamika tu bila kuonyesha neno gani libadilishwe.

Mswada huwasilishwa bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza 1 Julai. Tangazo la kukaribisha maoni hutoka magazetini na kwenye tovuti ya Bunge, likiwa na siku na saa ya mwisho. Usilingoje, pakua mswada mara tu unapochapishwa.

Anza kusoma kutoka nyuma, palipo na maelezo ya malengo na sababu za mswada. Kisha fungua sheria inayorekebishwa, uziweke kando kwa kando. Mswada husema tu "futa aya fulani", na bila sheria yenyewe huwezi kujua kinachofutwa ni nini. Hapo ndipo wengi hupotea.

Chukua Mswada wa Fedha wa 2025. Ulipendekeza baiskeli za umeme na betri za lithiamu zitolewe kwenye Jedwali la Pili la Sheria ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani), la bidhaa zinazotozwa asilimia 0, zipelekwe Jedwali la Kwanza, la bidhaa zilizosamehewa ushuru. Kwa haraka utaona ni mamoja, maana mnunuzi hatozwi VAT kokote. Lakini piga hesabu. Anayeunganisha baiskeli akinunua vipuri vya shilingi 100,000, hulipa VAT ya shilingi 16,000 juu yake. Bidhaa yake ikiwa ya asilimia 0, anadai 16,000 hizo kutoka KRA, mamlaka ya ushuru. Ikiwa imesamehewa, hana cha kudai, na pesa hizo huingia kwenye bei ya baiskeli. Hesabu fupi kama hii ina uzito kuliko kurasa kumi za malalamiko.

Sasa chora jedwali la safu nne: nambari ya kifungu, mswada unasemaje, maneno mnayotaka yawekwe, na sababu. Safu ya tatu ndiyo roho ya memoranda. Usiandike "serikali ijali mazingira", andika "Kifungu hiki kifutwe, baiskeli za umeme zibaki Jedwali la Pili." Chagua vifungu visivyozidi vitatu, kurasa mbili au tatu. Kama mnapinga mswada wote, semeni hivyo kwa sentensi moja, kisha mwendelee na vifungu, ili kamati ya Bunge inayochambua mswada ikilikataa hilo iwe bado na la kuwajibu.

Elekeza kwa Karani wa Bunge la Taifa, kwa anwani iliyo kwenye tangazo, na utaje jina la mswada. Weka majina, sahihi na simu. Kama ni kikundi, taja idadi ya wanachama na kaunti mnakotoka. Tuma PDF pamoja na faili ya Word, kwa kuwa makarani hunakili hoja zenu kwenye jedwali lao. Ombeni pia kufika mbele ya kamati. Kunakili barua moja na kuituma mara mia hakusaidii: hoja huhesabiwa kuwa moja. Ujumbe wa WhatsApp kwa mbunge nao hauingii kwenye kumbukumbu za kamati.

Ripoti ya kamati ikiwasilishwa, tafuta jina lenu na sababu ya kukubaliwa au kukataliwa. Mkikataliwa, mpelekeeni mbunge wenu maneno ya safu ya tatu mara moja. Kabla ya Kamati ya Bunge Zima kuketi, yaani wabunge wote wanapopitia mswada kifungu kwa kifungu, bado anaweza kuyaleta kama marekebisho yake mwenyewe.