Somo: Chipu ya Mbwa au Paka Isiposomeka Kabla ya Safari ya Nje

Ndugu wanachama, habari za kazi. Somo hili nimeliandika kwa ajili ya wafugaji wa mbwa na paka wa hapa Tanga wanaojiandaa kusafiri na wanyama wao kwenda Ulaya, Uingereza au Marekani, na pia kwa ajili ya wenzangu wa kliniki wanaojaza kadi za chanjo na vyeti vya afya. Mnyama mwenye afya njema, aliyechanjwa kwa wakati, anaweza kurudishwa alikotoka au kuwekwa karantini kwa sababu moja tu: namba iliyo mwilini mwake haisomeki, au inasomeka lakini hailingani na iliyo kwenye cheti. Kwa mkaguzi wa uwanja wa ndege, chanjo na kipimo cha damu ni vya namba ile, na namba ikipotea hana njia ya kujua kwamba mbwa aliye mbele yake ndiye aliyechanjwa.

Chipu yenyewe ni kichupa kidogo cha kioo chenye urefu wa milimita 12 hivi na unene wa milimita 2, kinachowekwa chini ya ngozi katikati ya mabega. Hakina betri, hakionyeshi mahali mnyama alipo, na ndani yake hamna jina wala simu ya mwenye mnyama. Skana ikipitishwa karibu hukiamsha kwa mawimbi yake, nacho hujibu kwa namba moja tu. Jambo hili naliweka mapema kwa sababu bado wapo wanaolipia chipu wakidhani watamtafuta paka aliyepotea kupitia simu ya mkononi.

Hatua ya kwanza: hakikisha chipu ni ya viwango vinavyokubalika

Viwango vya kimataifa vya ISO 11784 na 11785 vinataka namba yenye tarakimu 15, inayosomwa kwa masafa ya kilohezi 134.2. Tarakimu tatu za mwanzo ni msimbo wa nchi au wa kiwanda. 834 ni msimbo wa Tanzania, na namba kuanzia 900 kwenda juu hutumiwa na viwanda, kwa hiyo usishtuke ukiona chipu iliyochomwa hapa Tanga inaanza na 9. Tatizo lipo kwa baadhi ya chipu zilizowekwa Marekani, hasa za zamani, ambazo zina tarakimu 9 au 10 na hutumia kilohezi 125, kiasi kwamba skana nyingi za Ulaya hupita juu yake bila kuona kitu. Kanuni za Ulaya zinamruhusu mwenye mnyama wa namna hiyo kubeba skana yake mwenyewe inayoweza kuisoma. Mimi sishauri kutegemea njia hiyo, kwa kuwa skana ikiisha chaji au ikibaki kwenye begi lililopotea, umekwama. Afadhali mnyama awekewe chipu ya pili ya viwango vya ISO wakati ile ya kwanza bado inasomeka, na siku hiyohiyo daktari aandike namba zote mbili katika kadi, kila moja na tarehe yake. Ya zamani haitolewi.

Hatua ya pili: soma kwanza, choma baadaye

Hili ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko mengine yote. Kila mnyama anapoletwa kuchanjwa, hata kama ni mbwa unayemfahamu tangu akiwa mtoto, chipu isomwe kabla sindano haijafunguliwa, na namba iliyotokea kwenye kioo cha skana ilinganishwe na kadi tarakimu kwa tarakimu. Kanuni za nchi nyingi zinataka chipu iwe imewekwa kabla ya chanjo ya kichaa cha mbwa au siku ileile, na chanjo iliyotolewa kwa mnyama asiye na namba haihesabiwi kwa ajili ya safari, hata kama imemkinga vizuri.

Namna ya kusoma nayo ina ufundi wake. Mvue mnyama mkanda wenye chuma, mtoe juu ya meza ya chuma, na mweke mbali na kompyuta. Hakikisha skana ina chaji ya kutosha, kwa sababu betri dhaifu huiwasha taa lakini hushindwa kuiamsha chipu. Kisha ipitishe polepole ikigusa manyoya, kwanza kwa urefu kutoka kichwani hadi mkiani, halafu kwa upana kutoka bega hadi bega, kwa kuwa chipu iliyolala upande mmoja hujibu vizuri zaidi skana ikigeuzwa. Isipoitikia hapo, shuka kwenye shingo pande zote mbili, mabega, viwiko na kifua, maana chipu huweza kuhama chini ya ngozi. Baada ya hapo tafuta skana nyingine ya aina tofauti. Usitamke kwamba chipu imekufa kwa ushahidi wa skana moja.

Hatua ya tatu: panga kalenda ukianzia kwenye chipu

Kwa kuwa kichaa cha mbwa bado kipo nchini kwetu, Umoja wa Ulaya na Uingereza haziridhiki na kadi ya chanjo pekee, bali zinataka pia kipimo cha damu kinachoonyesha kwamba mwili umetengeneza kinga ya kutosha. Mnyama achanjwe akiwa ametimiza wiki 12 au zaidi, damu itolewe angalau siku 30 baada ya chanjo, ipimwe katika maabara iliyoidhinishwa, na matokeo yasipungue yuniti 0.5 za kimataifa kwa mililita. Kisha asubiri miezi 3 kuanzia siku damu ilipotolewa. Mbwa aliyewekewa chipu na kuchanjwa tarehe 10 Januari anaweza kutolewa damu kuanzia tarehe 9 Februari, na kama damu itatolewa siku hiyo, hataingia Ulaya kabla ya tarehe 9 Mei. Maabara ya Onderstepoort ya Afrika Kusini imekuwa miongoni mwa zilizoidhinishwa na Ulaya, lakini angalia orodha ya sasa kabla ya kutuma sampuli.

Siku ya kutoa damu, chipu isomwe tena, na namba yake iandikwe kwenye kichupa na kwenye fomu ya maabara. Kwa joto letu la pwani, seramu (maji ya damu yaliyotengwa na chembe zake) itenganishwe mapema na isafirishwe katika boksi la barafu, kwani sampuli ikiharibika njiani mtalazimika kutoa damu upya na kuhesabu miezi 3 tena.

Hatua ya nne: chipu ikikataa

Hapa ndipo watu wanapofanya haraka na kuharibu. Mwongozo wa Uingereza unatenganisha hali mbili, na tofauti kati yake ni ya miezi kadhaa. Hali ya kwanza ni chipu inayosomeka kwa kusuasua: leo imeitikia mara ya nne, kesho imeitikia mara ya kwanza. Huyu bado anaokoleka. Daktari amsome mpaka namba itokee, ailinganishe na kadi, aweke chipu mpya wakati huohuo, kisha aandike namba ya zamani, namba mpya, tarehe, mahali kila moja ilipo, sahihi na muhuri. Chanjo na kipimo cha damu hubaki na thamani yake, kwa sababu yupo mtaalamu aliyeziona namba zote mbili katika mwili mmoja.

Hali ya pili ni chipu isiyosomeka kabisa. Hapo daktari haruhusiwi kuandika namba mpya kwenye hati za zamani kana kwamba hakuna kilichotokea, hata kama anamfahamu mbwa na mwenye mbwa ni jirani yake. Maandalizi huanza upya: chipu mpya, chanjo, damu na miezi 3 ya kungoja. Picha ya eksirei inaweza kuonyesha kwamba chipu ipo na imelala wapi, lakini haiwezi kuonyesha namba yake. Ndiyo maana nawaomba wote wenye wanyama wanaotarajiwa kusafiri wawasomeshe chipu mara kwa mara, hata pale safari ikiwa bado mbali, ili inayoanza kuchoka igundulike ikiwa bado na sauti.

Hatua ya tano: linganisha makaratasi

Namba ya tarakimu 15 ni rahisi kuikosea kwa mkono. Tumia stika zinazokuja na chipu, bandika moja kwenye kadi na moja kwenye fomu ya maabara, na nyingine hifadhi nyumbani. Anayeandika kwenye jedwali la kompyuta aiweke seli katika muundo wa maandishi, la sivyo programu huweza kuionyesha namba kwa kifupi kama 9.85E+14. Tarehe ziandikwe kwa jina la mwezi, kwa sababu 05/06 kwa Mmarekani ni tarehe 6 Mei. Kisha kaeni watu wawili, mmoja asome kwa sauti kutoka kwenye skana na mwingine afuatilie kwenye kadi, cheti cha maabara na cheti cha afya cha serikali. Cheti cha kuingilia Ulaya hudumu siku 10 tangu kutolewa hadi ukaguzi wa mpakani, kwa hiyo kosa likigundulika Dar es Salaam siku ya ndege, nafasi ya kulisahihisha ni finyu mno.

Mwisho, sajili namba hiyo katika hifadhidata inayotambulika huko unakokwenda, pamoja na simu inayopatikana. Kuweka chipu hakusajili chochote peke yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Raskazone: Shikamoo daktari. Mbwa wangu alichanjwa kwenye kampeni ya mtaa, na wiki mbili baadaye nikamwekea chipu. Je, naweza kumtoa damu sasa?

Jibu: Marahaba. Chanjo ile ilimkinga yeye na majirani, na ulifanya vema kumpeleka, lakini kwa safari haihesabiwi kwa kuwa ilitangulia chipu. Soma chipu, mchanje tena, kisha hesabu siku 30 kuanzia chanjo hiyo mpya.

Mwanachama wa Muheza: Chipu ya paka wetu imeshuka hadi kwenye kiwiko. Nimeambiwa afanyiwe upasuaji itolewe.

Jibu: Hapana, dada yangu, usimtese bure. Maadamu inasomeka na haimuumizi, iache ilipo. Mwombe daktari aandike kwenye kadi mahali ilipo sasa, na nawe umwonyeshe mkaguzi kabla hajaanza kutafuta.

Mwanachama wa Pangani: Binti yangu yuko Ujerumani na anamsubiri paka wake. Cheti cha maabara kimegeuza tarakimu mbili za chipu. Fundi wa kompyuta anasema anaweza kurekebisha.

Jibu: Mama, tafadhali usimruhusu. Cheti kilichoguswa na mtu asiye wa maabara ni cheti cha kughushi, na kinaweza kumfungia paka njia kabisa. Kwanza tazama nakala ya fomu iliyotumwa na sampuli. Kama fomu ilikuwa sahihi, kosa ni la maabara, na ombi la maandishi pamoja na nakala hiyo linatosha kuomba cheti kingine. Kama fomu ndiyo iliyokosewa, daktari aliyetoa damu aiandikie maabara barua yenye muhuri, akiambatisha kadi ya chanjo. Maabara ikikataa, damu itolewe upya na miezi 3 ihesabiwe tena.

Mwanachama wa Chumbageni: Tunahamia Marekani na mbwa wa miezi minne. Taratibu ni hizihizi?

Jibu: Zinafanana, ila zina yake. Tangu tarehe 1 Agosti 2024, mbwa anayeingia Marekani lazima awe na umri wa miezi 6 au zaidi, kwa hiyo wa kwenu asubiri. Tanzania imo katika orodha ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, na hivyo mbwa aliyechanjwa huku anahitaji fomu maalumu yenye chanjo na namba ya chipu, na chipu iwe imetangulia chanjo. Asipokuwa na kipimo cha damu kinachokubalika, hukaa karantini siku 28 kwa gharama ya mwenyewe. Wekeni nafasi mapema kwenye kituo kilichosajiliwa cha kumpokea.

Mwanachama wa Ngamiani: Je, mashine ya ukaguzi wa mizigo inaweza kufuta chipu?

Jibu: Haiwezi. Eksirei haifuti namba ya chipu.

Mwanachama wa Mikanjuni: Chipu ya mbwa wangu haisomeki kabisa, tumejaribu skana tatu. Tiketi yangu ya Uholanzi ni ya wiki tatu zijazo. Nikitangulia, ndugu yangu anaweza kumleta baadaye?

Jibu: Kaka, pole sana. Kwa wiki tatu haiwezekani, na yeyote atakayekuahidi njia ya mkato anakupeleka pabaya. Anza leo: chipu mpya, isomwe, achanjwe, na siku ya 30 damu itolewe. Kuhusu kutangulia, fahamu kwamba Ulaya humhesabu mnyama kama msafiri wa familia endapo anasafiri ndani ya siku 5 kabla au baada ya safari ya mwenyewe. Zikizidi hapo, ataingia chini ya masharti ya biashara, yaliyo mazito zaidi. Kwa hiyo ama sogeza tiketi yako, ama nenda sasa na upange kurudi kumchukua miezi 3 ikitimia. Ndugu yako naye apewe barua ya idhini kama yeye ndiye atakayemsindikiza ndani ya siku hizo 5. Mlete kliniki na kadi yake yote, hata ile ya zamani, ili tuandike vizuri tarehe ambayo chipu ya kwanza ilishindwa kusomeka.